Kozi iliyokataa neno "kujua"

Sista alikuwa ametumia dakika ishirini kuandika sentensi moja. Tulikuwa chumba cha nyuma cha kliniki ya mama na mtoto, kwenye kituo kimoja cha afya wilayani Newala. Kishikwambi kimeegemezwa kwenye boksi la glovu, mimi nimekaa benchi la pembeni nikiwa nimejiapiza kutosema neno, maana nilikwenda kutazama, sikwenda kufundisha. Sentensi yenyewe ilisomeka: "Mwisho wa somo mshiriki ataweza kujua PPH." Akabonyeza Endelea. Zana yetu ya kutungia masomo ikamrudishia maandishi mekundu: kitenzi "kujua" hakipimiki, chagua kingine.

Akavua miwani. "Kijana wangu, kwa hiyo siku hizi kujua siyo lengo?"

Maandishi yale mekundu niliyaandika mimi, nikiwa Mtwara mjini, feni inapepea, nikijiona nimewasaidia watu. Yeye alikuwa mkunga wa miaka mingi kuliko umri wangu wa kazi, na PPH, yaani kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, aliijua kwa mikono yake. Zana yangu ilimwona hajui kuandika lengo.

Hiyo ilikuwa Machi 2024. Nitaeleza zana ilivyokuwa kabla ya siku ile, ilivyokuja kuwa, na pale tulipokosea mara ya pili tukidhani tumeshajifunza.

Zana ilikusudiwa nini

Huku kwetu mafunzo kazini kwa kawaida ni semina. Barua inatoka, zahanati yenye watumishi wawili inamtoa mmoja, anateremka Mtwara mjini siku tatu au tano, na aliyebaki anazalisha, anachanja, anatoa dawa na kujaza vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za kituo, peke yake. Msafiri akirudi anatakiwa kutoa mrejesho. Mrejesho wenyewe huwa dakika kumi asubuhi, wagonjwa wakiwa wameshajaa kwenye mabenchi. Semina ina posho na sitajifanya sijui hilo. Watu wana ada za watoto, na hakuna kozi ya simuni inayoshindana na posho. Ila aliyebaki zahanati hapati posho wala elimu, na huyo ndiye tuliyemlenga.

Kwa upande wa mwanafunzi hatukujenga kitu kipya. Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni, ipo tangu 2002, haina malipo, na programu yake ya simu inamruhusu mtu kupakua somo kwenye mtandao wa mjini akalisoma porini. Kilichokosekana ni mahali ambapo mkunga, tabibu au mfamasia angeweza kutengeneza somo mwenyewe bila kumsubiri mtaalamu wa kompyuta. Hiyo ndiyo zana tuliyoombwa: unaingia, unatunga, zana inakufungia somo na kulituma Moodle. Timu yetu ilikuwa ya watu wanne, daktari mshauri akiwamo.

Toleo la kwanza tuliliiga kutoka vyuoni. Unaanza na jina la kozi, maelezo ya kozi, moduli, malengo ya moduli, masomo, tathmini. Nyuma ya sanduku la malengo kulikuwa na orodha ya vitenzi iliyotokana na ngazi za kujifunza za Benjamin Bloom na wenzake za mwaka 1956: taja, eleza, tofautisha, tathmini. Sina ugomvi na Bloom. Mtunga mitaala anazihitaji ngazi zile. Kosa lilikuwa kuziweka mlangoni, kama mlinzi anayekudai kitambulisho kabla hujasema umekuja kumwona nani.

Tuliwafundisha watu 12 kwa siku mbili. Baada ya wiki sita kozi zilizokamilika zilikuwa mbili, na zote ni za mtu mmoja, mkufunzi wa chuo ambaye maandalio ya somo ni kazi yake ya kila wiki. Wengine waliacha majalada matupu: "Kifafa cha mimba", halafu hakuna kitu ndani. "Lishe", hakuna kitu ndani.

Kwenye taarifa ya ndani niliandika kwamba changamoto ni uelewa mdogo wa TEHAMA. Sentensi ile inanikera mpaka leo kwa wepesi wake. Watu wale wale walikuwa wanaingiza takwimu kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya, kila mwezi, wanaendesha makundi ya WhatsApp yenye watu wengi kuliko watumishi wa wilaya nzima, na msimu wa korosho ukifika wanafuatilia bei za minada kwenye simu kuliko mimi ninavyofuatilia barua pepe.

Dakika saba

Nirudi kliniki. Sista aliweka kishikwambi chini, na bila kuulizwa akaanza kunisimulia. Mama aliletwa na bodaboda usiku, uzao wa tano. Akajifungua salama, kondo likatoka, mtoto akalia. Mwenzake wa zamu akaandika damu ni ya kawaida. Sista alipopita akaona kanga chini ya mama imelowa, akainua akaona ya pili nayo imelowa, akashika mkono wa mama: baridi, mapigo mbio. "Yule binti hakuwa mzembe," akaniambia. "Alitazama kanga moja. Kanga zinadanganya. Ya juu ikilowa unasema ndiyo hiyo, kumbe ya chini ndiyo imekunywa."

Akaeleza walivyokanda mfuko wa uzazi, walivyoweka dripu, nani alikimbilia oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, kwenye jokofu na kwa nini dawa ile haitakiwi kukaa kwenye trei ya wodini kutwa kwenye joto letu, maana inataka nyuzi 2 hadi 8. Mama alipona.

Nilitazama saa: dakika saba. Ndani yake kulikuwa na mgonjwa, dalili, uamuzi, uamuzi uliokosewa, na sababu ya mtu mwenye akili zake timamu kuukosea. Lilikuwa somo kamili. Hakuna mahali alipoanza na lengo, na lengo lilikuwemo muda wote.

Alichokuwa anakisema kina utafiti mkubwa nyuma yake. Macho hukadiria damu chini ya ilivyo, hata macho ya wazoefu. Mei 2023 yalichapishwa matokeo ya E-MOTIVE, utafiti uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama aliwekewa mfuko wenye vipimo badala ya damu kukisiwa, na tatizo likigundulika hatua zote zikaanza kwa pamoja: kukanda uterasi, oksitosini, ile dawa ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu, ambayo wodini huitwa TXA, dripu, na kumchunguza mama. Matukio ya damu kuvuja kwa kiwango cha hatari yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe zilikuwepo miaka yote. Kilichogeuka ni kupima mapema na kutopanga foleni ya tiba.

Mei ya kimbunga

Kabla hatujaandika mstari mmoja wa toleo la pili, Mei ikaja. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu, mvua zikaikata barabara ya Kusini upande wa Kilwa, na mabasi ya Dar yakasimama. Tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha.

Kwa msanifu lile lilikuwa jaribio la bure. Masomo yaliyokuwa yamepakuliwa kwenye simu za wanafunzi yaliendelea kusomwa. Upande wa watunzi ulikufa kabisa: zana haikuweza hata kufunguka, kwa sababu ilihitaji kuvuta vipande vyake kutoka seva ya mbali kila unapoigusa. Tulikuwa tumemjali msomaji asiye na mtandao, tukamsahau mwandishi asiye na mtandao, ilhali wote wawili wanakaa kijiji kimoja.

Kwa hiyo toleo la pili, lililotoka Agosti, lilianza na sharti hilo: kutunga kote kunafanyika ndani ya simu. Rasimu inakaa kwa mwenyewe. Mtandao ukipatikana, faili inapanda vipande vipande, na ikikatika inaendelea ilipoishia badala ya kuanza upya na kumla mtu bando. Video inapunguzwa uzito kabla haijaondoka kwenye simu.

Na mlango ukabadilika. Skrini ya kwanza haiulizi jina la kozi. Inaandika: "Mgonjwa gani?" Kisha: uliona nini, ulitakiwa kuamua nini, na mwenzako angeweza kukosea wapi hapa? Unaweza kuandika au kubonyeza kipaza sauti ukasimulia. Jina la somo linaombwa mwisho, na lengo linaandikwa na zana yenyewe kutokana na uamuzi ulioutaja, wewe unalikubali au unalirekebisha. Sista alipoona lengo lake limejiandika, "Mshiriki ataweza kukadiria damu bila kutegemea kanga ya juu pekee," alicheka. "Kumbe mlikuwa mnajua kuandika wenyewe."

Swali lile la mwisho, la mwenzako kukosea wapi, ndilo lililotupa utajiri ambao hatukuutarajia. Anayetunga maswali ya kuchagua huwa anahangaika kutafuta majibu ya uongo, na matokeo yake ni majibu ya kipuuzi ambayo hata mlinzi wa getini angeyakwepa. Hapa majibu ya uongo yalikuja yakiwa ya kweli, maana ni makosa yaliyowahi kufanywa na watu wazuri. "Subiri nusu saa uone kama itapungua." "Mpe maji ya kunywa, apumzike." Msomaji akilichagua, anasikia sauti ya mtunzi ikimwambia kwa nini linavutia na kwa nini linaua.

Ila makosa yana wenyewe. Mtumishi aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kupitia kifo cha mama anajua kisa kikiandikwa kinaweza kumgeukia mtu. Mwanzoni wengi waliacha sanduku lile tupu. Tukaamua zana iondoe jina la kituo, siku na jina la kijiji kabla rasimu haijaonwa na mwingine, na iulize mara mbili kuhusu picha yoyote yenye sura. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini kusema kweli kilichowatoa watu hofu siyo sheria. Ni kuona somo la Sista likisomwa na hakuna aliyeuliza "ni kituo gani?"

Jagi

Somo lake lenyewe alilifanyia nyumbani. Alichemsha rozela, akapima kwa jagi la plastiki lenye mistari mililita 500, akatandika kanga kavu mbili juu ya mkeka, akamwaga taratibu huku mjukuu wake akishika simu. Kisha akainama kwenye kamera: "Hii ni kiasi gani? Usijibu haraka." Nilikuwa nimesimama pale. Kimoyomoyo nikasema 200.

Video ilikuwa ya wima, inatikisika, kuku anapita. Daktari wetu alitaka irudiwe kwenye chumba chenye mwanga. Nilikataa, na katika maamuzi yangu yote kwenye mradi huu ndilo nisilolijutia. Faili ilikuwa na megabaiti 94, zana ikaipunguza ikabaki chini ya 10, kuku akiwemo. Tuliamua pia sauti yake ibaki sauti, isigeuzwe maandishi, kwa sababu wakunga wa zahanati walisema wanapenda kumsikia yeye. Uamuzi huo ulikuja kutudai baadaye.

Namba zina mwenyewe

Tulipokosea mara ya pili ni kwenye dozi. Tulipowafungulia watu mlango wa kusimulia, namba ziliingia pamoja na hadithi. Mtunzi mmoja aliandika oksitosini "mg 10". Oksitosini haipimwi kwa miligramu, ni yuniti 10, lakini kidole kwenye simu kimezoea mg. Mwingine aliandika TXA gramu 1 kwenye mshipa "haraka", akimaanisha usichelewe kuianza, maana inatakiwa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Mgeni akisoma hivyo ataisukuma kwa mkupuo, ilhali inaingia polepole, dakika 10. Neno moja zuri lilikuwa limekaa pabaya.

Woga ukatushika, tukaweka sheria: kila somo lipitiwe na daktari mshauri kabla ya kutoka. Daktari mmoja, mwenye wodi na kliniki na vikao. Masomo yakapanga foleni wiki tatu, tano, saba. Somo la kunawa mikono likasubiri nyuma ya somo la kifafa cha mimba. Watunzi wakaanza kuuliza, kisha wakaacha kuuliza, na kuacha kuuliza ndiyo mbaya zaidi. Wengine walirudi kusambaza sauti zao WhatsApp, bila mpitiaji yeyote. Ulinzi wetu ulikuwa umewasukuma watu mahali pasipo na ulinzi kabisa.

Tulichofanya ni kuitoa namba kwenye hadithi. Sasa mtunzi haandiki dozi. Akitaja dawa, zana inamletea kadi: jina, kiasi, kipimo, njia, mwendo, ukomo wa muda. Kadi imeandikwa mara moja na mfamasia pamoja na daktari, ina tarehe na inataja mwongozo uliotumika. Mtunzi anaichomeka, hawezi kuigusa ndani. Somo lisilo na dozi, au lenye kadi zilizokwisha kupitishwa, linapitiwa na muuguzi kiongozi wa eneo. Daktari anabaki na kadi mpya na masomo yenye utata. Foleni ilishuka hadi siku chache. Mfamasia alilalamika kwamba kadi zinamchosha, na ni kweli zinachosha. Kadi ya magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba peke yake, na gramu 4 za mshipani, 10 za msulini na dawa ya kuokoa mambo yakiharibika, ilimchukua jioni mbili.

Swali ambalo zana haikuweza kulijibu ni lile linaloulizwa kwanza kila tunapofika: pointi zipo? Leseni ya muuguzi inahuishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ya daktari ina baraza lake, na pointi za mafunzo endelevu zinatoka kwa waliotambuliwa kuzitoa. Wapo walioniomba tuweke tu cheti chenye mhuri mzuri. Cheti cha aina hiyo ni deni kwa mtu atakayekiamini, kwa hiyo mwisho wa somo zana inaandika umelimaliza lini na ulikosea wapi, basi. Baadhi walituacha kwa sababu hiyo. Na Oktoba hadi Desemba wengi zaidi wanatuacha kwa sababu ya korosho, wakirudi Januari. Nimeacha kuihesabu kama kushindwa.

Oktoba 2025

Shirika la Afya Duniani (WHO), kwa pamoja na FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, na ICM, shirikisho la kimataifa la wakunga, walitoa mwongozo mpya wa PPH. Kwa aliyejifungua kawaida, usingoje mililita 500 pekee. Damu iliyopimwa ikifika 300 na dalili muhimu zimeshavurugika, mapigo kupanda au presha kushuka, anza kutibu.

Kadi zilijilipa siku hiyo. Tulitafuta "500" kwenye masomo yote, zikatoka sehemu sita. Kwa kuwa kila kipimo cha kuanzia matibabu nacho tulikuwa tumekihamishia kwenye kadi, mfamasia na daktari walibadilisha mara moja na sehemu tano zikabadilika zenyewe. Ya sita ilikuwa maelezo chini ya video ya jagi, tukayarekebisha kwa mkono. Tukafunga kompyuta, tukaenda kula pweza.

Siku mbili baadaye mkunga mmoja wa Tandahimba alituma ujumbe: mbona maandishi yanasema 300 na Sista anasema mia tano? Zana inaweza kutafuta maandishi. Haiwezi kutafuta sauti tuliyoamua ibaki sauti.

Nilimpigia Sista jioni hiyo hiyo. Nikamweleza mwongozo mpya, naye alishausikia, akanisahihisha kipengele kimoja. Nikamwomba amwage tena, safari hii jagi mbili, ya 300 na ya 500, kanga ile ile ili msomaji alinganishe.

"Kanga ile haifai, doa la rozela halikutoka," alisema. "Njoo na nyingine. Na uje na doti, usiniletee kipande."